Sita au tisa? Mwongozo kamili wa kupima nafasi ya diski kabla ya kufungua keji

Kila mwezi napata ujumbe ule ule kutoka kwa wauguzi wenzangu wa chumba cha upasuaji: "Dada, tumefungua keji, haikuingia. Tumefungua nyingine, ikacheza." Keji ni kile kipandikizi kinachowekwa kati ya pingili mbili baada ya diski mbovu kutolewa, ili ziungane. Ikishatoka kwenye pakiti yake haina pa kurudi. Wakala haipokei, bima inauliza maswali, na mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndio wanaoongezewa bili. Hiyo ni hasara ya pesa tu. Hasara ya mgongo ni kubwa zaidi: keji kubwa mno hupasua mfupa na kuvuta neva, keji ndogo mno huhama.

Siku hizi upasuaji wa diski haufanyiki MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au Nairobi peke yake. Hospitali za kanda nazo zinafanya, na wengi wanaoandaa meza wamejifunza kwa kuangalia tu. Mwongozo huu ni wao: muuguzi anayevaa glavu, mwenzake anayezunguka nje ya meza, mtaalamu wa utakasaji, na daktari aliye mafunzoni. Uamuzi wa mwisho wa namba ni wa daktari mpasuaji, na kitabu cha mtengenezaji wa seti yenu kina nguvu kuliko maneno yangu.

Neno moja kabla ya kuanza. "Kipimio" ninachosema hapa ni kile kipande cha chuma chenye umbo la keji, kilichofungwa kwenye mpini, kinachoingizwa kwenye nafasi ya diski kisha kutolewa. Hakibaki mwilini. Kazi yake ni kutuambia keji ya namba gani ifunguliwe. Namba tunayoitaja kwa kawaida ni urefu wake kwa milimita.

## Vinavyohitajika

- Seti ya vipimio iliyokamilika, pamoja na mipini yake na vizuizi vya kina
- Keji za namba zote, zikiwa bado kwenye pakiti au kwenye trei yake
- Nyundo ndogo, na nyundo ya kuteleza ya kuvutia kipimio nje
- Kyureti (vijiko vya kukwangulia) zilizonyooka na zilizopinda, koleo za kutolea diski, tupa ya mfupa, na vikwanguo vya kuzungusha kwa upasuaji wa kiuno
- Kitanuzi: pini za Caspar (hufungwa kwenye pingili ya juu na ya chini, kisha hutanuliwa) kwa shingo, kitanuzi cha pingili kwa kiuno
- Vishikizi vya kukinga neva na utando wa ugwe-mgongo
- Mashine ya C-arm (eksirei ya chumba cha upasuaji) inayofanya kazi, aproni za risasi na kinga za koo kwa wote
- Picha za mgonjwa (MRI, CT au eksirei ya ubavuni) zenye mstari wa kipimo
- Kitabu cha maelekezo cha seti hiyo hiyo, si cha seti inayofanana nayo
- Ubao au karatasi kubwa ukutani, na kalamu nene

Hicho cha mwisho wengi hukipuuza. Utaona sababu yake kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Pokea seti mapema, uihesabu kwa mikono yako

Seti nyingi za uti wa mgongo huku kwetu huletwa na wakala kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kisha huondoka kwenda hospitali nyingine. Dai ifike saa 24 hadi 48 kabla ya upasuaji. Seti inayofika asubuhi ya siku yenyewe, ikiwa ndani ya gari tangu jana, haijaoshwa nanyi na hamjui ilikotoka.

Ifungue kwenye meza yenye mwanga. Chukua orodha, kisha linganisha pande mbili: kila namba ya keji ina kipimio chake? Kila kipimio kina keji yake? Pengo la kawaida ni namba ya katikati, kwa sababu ndiyo inayotumika sana. Ukikosa kipimio cha 8 huku keji ya 8 ipo, mwambie daktari leo.

Kisha kagua kipimio kimoja kimoja:

Namba. Inasomeka? Maandishi ya leza hufifia kwa kuoshwa mara nyingi. Kipimio kisichosomeka hakipandi mezani.

Mpini na nyuzi zake. Funga, vuta, tikisa. Kipimio kikilegea kwenye mpini, mkono wa daktari utahisi kulegea huko na kudhani ni nafasi ya diski.

Kizuizi cha kina. Hakikisha kipo na kinakaza. Kwenye shingo, nyuma ya diski kuna ugwe-mgongo. Kwenye kiuno, mbele yake kuna mishipa mikubwa ya damu. Kizuizi ndicho kinachozuia nyundo kwenda mbali.

Ncha na kingo. Pitisha kipande cha gauzi. Kikinasa, kuna mkwaruzo au ufa.

Sasa fungua kitabu cha maelekezo utafute jibu la swali moja: namba ya kipimio inahesabu meno ya keji au haihesabu? Keji nyingi zina meno madogo juu na chini ya kushikia mfupa, kipimio kikiwa laini. Kuna seti ambazo kipimio cha 8 ni sawasawa na keji ya 8. Kuna nyingine ambazo kipimio kimefanywa chembamba kidogo kwa makusudi, ili keji iingie kwa kubana. Ukichanganya mazoea ya seti moja na seti nyingine, utakosea hata kama umepima vizuri.

Umefaulu ukiwa na: orodha iliyowekwa alama kila mstari, na jibu la swali la meno limeandikwa juu ya orodha.

## Hatua ya 2: Osha kwanza, takasa baadaye, na uiache Jik

Hapa nitasema kwa uwazi maana jambo hili linaharibu seti nyingi. Kuloweka vyuma kwenye maji ya klorini kabla ya kuosha ni mazoea ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani haliyapendekezi tena. Klorini hula chuma, huacha vishimo, na vishimo hivyo ndimo uchafu unamojificha. Damu iliyogandia kwenye chuma pia huidhoofisha klorini yenyewe. Maji ya chumvi ya dripu nayo ni hivyo hivyo: yanatia kutu. Usiloweke vifaa humo.

Fanya hivi badala yake:

1. Vaa kinga zote: glavu nzito, aproni, miwani, barakoa.
2. Tenganisha kila kinachotenganishwa. Kipimio kitoke kwenye mpini, kizuizi kitoke, nyundo ya kuteleza ifunguliwe.
3. Loweka kwenye sabuni ya vimeng'enya kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, maji yakiwa ya uvuguvugu tu. Yakizidi nyuzi joto 45, protini ya damu huanza kuiva na kung'ang'ania chuma, kama yai kwenye kikaango.
4. Sugua kwa brashi laini chini ya maji, si juu yake, ili matone yasiruke. Pitisha brashi nyembamba ndani ya kila tundu na kila nyuzi za skrubu.
5. Suuza kwa maji safi, mara ya mwisho yaliyochujwa madini kama yapo. Kausha kabisa.
6. Angalia kwa kioo cha kukuzia. Tupa ya mfupa na vikwanguo ndivyo vinavyodanganya. Vipande vya mfupa hubaki katikati ya meno yake.

Kwenye mashine ya mvuke, fuata kitabu cha mashine na cha seti. Vipimo vinavyotumika sana ni nyuzi 134 kwa angalau dakika 3 kwenye mashine inayotoa hewa kwanza, au nyuzi 121 kwa dakika 30 kwenye ile ambayo mvuke husukuma hewa, iliyo nzito kuliko mvuke, itokee chini. Dakika hizo huanza kuhesabiwa joto likishafika, si mlango unapofungwa.

Seti za uti wa mgongo ni nzito. Trei ikizidi kilo 10 hivi, igawe mbili. Chuma kingi mahali pamoja hutoa maji mengi, na pakiti ikitoka imelowa, si safi tena, hata kama kiashiria kimebadilika rangi. Ipe muda wa kukauka ndani ya mashine, kisha ipoe bila kuguswa.

Weka kiashiria cha kemikali ndani ya kila trei, si nje tu. Trei yenye vipandikizi ipitishwe pamoja na kipimo cha vijidudu, na isubiri jibu kabla ya kutumika. Ndiyo sababu nimekwambia saa 24 hadi 48. Kutakasa vipandikizi kwa haraka haraka daktari akiwa ameshanawa ni jambo la dharura tupu.

Umefaulu ukiwa na: pakiti kavu, kiashiria cha ndani kimebadilika, na jina la aliyefunga limeandikwa.

## Hatua ya 3: Panga meza, kisha tatua tatizo la sita na tisa

Panga vipimio kuanzia kidogo hadi kikubwa, kutoka kushoto kwenda kulia, namba zikitazama juu. Vyenye pembe tofauti viwe kwenye mistari tofauti. Keji zibaki mbali, kwenye pakiti zake, mikononi mwa muuguzi anayezunguka.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike mwongozo huu. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja niliyofanya kazi, tulikuwa tunafanya shingo, kati ya pingili ya tano na ya sita. Mpini ulikuwa wa duara, hauna upande wa juu wala wa chini. Daktari aliingiza kipimio, akaridhika, akauliza namba. Nikainama, nikasoma kilichochorwa karibu na kiungio cha mpini. Nikasema tisa. Mwenzangu akafungua keji ya 9. Ilikuwa 6. Nilikuwa nimeisoma juu chini.

Keji ile ya 9 haikuingia mwilini, kwa sababu daktari aliishika mkononi akaona inatisha kwa ukubwa. Lakini ilikuwa imeshafunguliwa. Baba yake mgonjwa alikuwa ameuza ng'ombe kupata ile pesa.

Lugha yetu nayo inaongeza mtego. Tamka kwa sauti, ukiwa na barakoa usoni na mashine ya kufyonza ikinguruma: *sita*. *Tisa*. Irabu ni zile zile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu. Na seti ya shingo kwa kawaida ina zote mbili, maana huanza 5 hadi 9 au zaidi. Kwa hiyo 6 na 9 zinachanganyika machoni na masikioni kwa wakati mmoja.

Tiba yake ni kanuni nne, nazo hazina gharama:

- Taja namba pamoja na jirani yake. "Sita, inayofuata tano." "Tisa, inayofuata nane." Ukikosea moja, jirani atakushtaki.
- Soma pale pengo lilipo mezani. Kipimio kikiwa mwilini, nafasi yake kwenye mstari iko wazi. Pengo la pili kutoka kushoto haliwezi kuwa la 9.
- Taja rangi kama seti ina rangi. "Sita, bluu." Lakini rangi isitumike peke yake, kwa kuwa kila mtengenezaji ana rangi zake.
- Muuguzi anayezunguka aandike ubaoni namba kubwa inayoonekana na daktari, kisha aisome tena kwa sauti. Daktari aseme "ndiyo" au "hapana". Kimya si ruhusa.

Umefaulu ukiwa na: kila mtu chumbani, hata daktari wa usingizi, akitupa jicho ubaoni anajua kipimio gani kiko ndani.

## Hatua ya 4: Kadiria namba kwenye picha kabla ya kisu

Daktari hupima urefu wa diski jirani iliyo nzima, juu au chini ya ile mbovu, kwa kuwa diski iliyochakaa imeshaporomoka na haikwambii urefu wake wa asili. Andika makadirio hayo ubaoni. Kama ubao unasema 7 na kipimio kinasema 10, simameni mjiulize kabla ya kuendelea.

Onyo moja: msipime kwenye picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta na kutumwa WhatsApp. Inafaa kwa mazungumzo, haifai kwa milimita. Pima kwenye picha yenye mstari wa kipimo.

## Hatua ya 5: Andaa kitanda cha mfupa

Kipimio kinapima nafasi uliyokitengenezea. Gegedu likibaki, kitabana mapema na utachagua keji ndogo. Baadaye gegedu lile linalika na keji inaanza kucheza.

Kinachotolewa ni diski na gegedu lililofunika mfupa. Kinachobaki ni bamba la pingili, ule uso mgumu wa mfupa juu na chini. Bamba hilo ni jembamba, na ndilo linalobeba keji. Likitobolewa, keji huzama kwenye mfupa laini wa ndani kama mguu wa kiti kwenye mchanga. Pembezoni ni imara zaidi kuliko katikati, ndiyo maana keji inayofika kwenye ukingo wa mfupa hukaa vizuri kuliko ndogo iliyoelea katikati.

Sikiliza kyureti. Juu ya gegedu huteleza kimya. Ikifika kwenye mfupa hukwaruza, na vitone vidogo vya damu hujitokeza hapa na pale. Hapo inatosha. Damu ikitoka kwa wingi kama sifongo iliyobanwa, bamba limeshapita.

Onyo: kwa wazee, hasa akina mama waliokoma hedhi, na kwa waliotumia dawa za steroidi muda mrefu, mfupa ni laini. Kikwanguo cha kuzungusha kitumike kwa uangalifu mkubwa au kiachwe kabisa. Nacho kinaanza na kidogo, vile vile kama vipimio.

## Hatua ya 6: Anza na kidogo, panda kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi. Makadirio yamesema 8, basi mtu anadai 8 moja kwa moja. Usimpe bila kumkumbusha.

Anza namba mbili chini ya makadirio. Kwenye shingo hiyo huwa 5 au 6. Kwenye kiuno, 7 au 8. Sababu ni kwamba kila kipimio kinachopita kinanyoosha kano taratibu na kukuonyesha njia. Kipimio kikubwa kikiingia kwanza kinajitafutia njia chenyewe, na njia rahisi kuliko zote ni kutoboa bamba.

Kwa shingo: kizuizi kimefungwa kabla mpini haujafika mkononi mwa daktari. Kipimio kiende sambamba na mabamba, kisiinuke wala kisiiname. Nyundo igonge kwa wepesi, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mtoto aliyelala.

Kwa kiuno kupitia nyuma: kabla ya kila kipimio, hakikisheni neva imevutwa pembeni na kishikizi na inaonekana. Kila kipimio, si cha kwanza tu. Kishikizi kikae muda mfupi, kisha kiachiwe neva ipumue. Mpini usitumike kama mtarimbo wa kukwanyua. Kukwanyua kunavunja kingo za mfupa.

Kabla ya kukabidhi, taja namba na jirani yake. Ukipokea, rudisha kwenye nafasi yake ile ile mezani na ufute damu kwa gauzi lenye maji safi.

Mlio wa nyundo hubadilika. Kipimio kilicholegea hutoa mlio mzito, butu. Kikianza kubana, mlio unakuwa mkali na wa juu. Mwenye sikio zuri anajua kabla ya picha.

## Hatua ya 7: Achia kitanuzi, ndipo upime kwa mkono

Pini za Caspar zikiwa zimetanuliwa, kipimio chochote kitaonekana kidogo. Vivyo hivyo daktari wa usingizi akiwa amelegeza misuli yote. Mkichagua namba hiyo, mtapata keji kubwa mno itakayoendelea kusukuma baada ya mgonjwa kuamka.

Kipimio kikiwa ndani, achia kitanuzi. Kama kichwa kilikuwa kinavutwa, achia mvuto. Kisha daktari avute mpini polepole, bila nyundo.

- Kipimio kinatoka chenyewe: kidogo. Panda namba moja.
- Kipimio kinashikwa, na pingili zinasogea pamoja nacho: hapo ndipo.
- Kipimio kiliingia kwa vishindo na hakitikisiki hata kidogo: kikubwa. Shuka.

### Mkikwama kati ya namba mbili

Tuseme 7 inashikwa vizuri, na 8 inaingia kwa nguvu. Maoni yangu baada ya kusimama mezani miaka mingi: kama ya chini inafaulu mtihani wa kuvuta, hakuna cha kutafuta juu. Lakini kabla ya kuamua, rudini hatua ya 5. Mara nyingi kilichozuia 8 ni gegedu lililobaki kona ya nyuma, au mfupa uliochomoza mbele. Kikitolewa, jibu linajitokeza.

Kwa diski bandia inayotikisika, si keji ya kuunganisha, mambo yanabadilika: hutafutwa upana mkubwa unaofunika mfupa, na urefu mdogo unaotosha. Diski bandia iliyobanwa haichezi, na kucheza ndiyo kazi yake.

## Hatua ya 8: Piga picha kipimio kikiwa ndani

Picha mbili: ya ubavuni na ya mbele. Wote wasiohitajika warudi nyuma, waliobaki wavae risasi.

Ya ubavuni kwanza irekebishwe mpaka bamba la juu na la chini kila moja lionekane mstari mmoja. Mistari ikionekana miwili miwili, mashine imekaa mshazari na kipimo chochote hapo ni uongo. Ukiwa sawa, tafuta haya:

- Kipimio kimegusa mabamba yote mawili, bila mwanga katikati
- Hakijaingia ndani ya mfupa wa juu wala wa chini
- Nyuma hakijafika kwenye mfereji wa ugwe-mgongo, mbele hakijatokeza
- Urefu wa nafasi unafanana na diski jirani iliyo nzima
- Viungo vidogo vya nyuma havijafunguka mdomo. Vikifunguka, kipimio ni kikubwa hata kama mkono umeridhika
- Kwenye picha ya mbele, kimekaa pale daktari alipokusudia, si upande

Tumieni nafasi hii vizuri. Kipimio ni chuma, kinaonekana chote, cheusi kabisa. Keji nyingi ni za plastiki ngumu ya PEEK ambayo eksirei inapita ndani yake. Kitakachoonekana ni vidoti au vijiti vidogo vya chuma tu. Umbo lote la kitakachokaa mle mtaliona sasa, kwenye kipimio.

Umefaulu ukiwa na: mkono, picha na makadirio ya ubaoni vinakubaliana. Viwili tu vikikubaliana, tafuteni kwa nini cha tatu kimekataa.

## Hatua ya 9: Soma lebo, ndipo ufungue

Keji haina namba moja. Ina urefu, upana, kina na pembe. Shingo inaweza kuwa na 7 yenye pembe ya digrii 0 na 7 yenye digrii 6. Zote ni "saba". Kwenye kiuno pembe ni nyingi zaidi. Pembe ikikosewa, urefu sahihi hautakusaidia. Mgongo utasimama na mpindo usio wake.

Muuguzi anayezunguka ashike pakiti iliyofungwa mbele ya daktari na asome kwa sauti: aina, urefu na jirani yake, upana kwa kina, pembe, tarehe ya mwisho ya matumizi, na kama pakiti ni nzima. Daktari atazame lebo kwa macho yake. Aseme "fungua". Neno hilo tu, si kutikisa kichwa.

Keji ikifika mezani, ilaze kando ya kipimio kilichotoka mwilini sasa hivi. Tazama kwa ubavu. Vinafanana? Ni sekunde tano tu.

Kipimio kitolewe kwa nyundo ya kuteleza, kikivutwa kwenye mstari ule ule kilioingilia. Kikigoma, tanua kidogo, usikizungushe.

## Hatua ya 10: Baada ya keji kukaa

Hesabu vipimio. Kagua ncha ya kila kimoja kilichotumika, kwa sababu kilichovunjika kinaacha kipande ndani. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kushona.

Bandika stika za keji kwenye faili la mgonjwa, kwenye kitabu cha teatri na kwenye nakala ya wakala. Karibu nayo andika vipimio vilivyojaribiwa kwa mpangilio wake: 5, 6, 7, ikawekwa 7. Mgonjwa akirudi miaka mitatu baadaye, atakayefungua faili atajua mlifikaje hapo.

Futa damu ingali mbichi, funika vifaa kwa kitambaa kilicholowa maji safi, na viende kuoshwa mara moja kwa utaratibu wa hatua ya 2. Seti isirudi kwa wakala ikiwa chafu. Kesho iko mezani kwa mgonjwa wa hospitali nyingine. Kipimio chenye namba iliyofifia kifungie karatasi nyekundu na uandike "kisitumike". Na kama mpini ni wa duara na mna kipimio cha 6 na cha 9, mwombeni wakala kwa maandishi vichorwe mstari chini ya namba. Sisi tuliomba, vikachorwa.